Bekoni ni ya kuungia: jibu kwa msomaji wa Chumbageni

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu amekuja kutoka Arusha akaniletea pakiti mbili za bekoni, kila moja nusu kilo. Sikuwahi kuipika. Juzi nilifungua moja nikaikaanga kama tunavyokaanga kitimoto, mafuta ya kutosha, moto mkali, chumvi na ndimu. Ikawa nyeusi pembeni, katikati inanata, na chumvi yake haisemeki. Watoto waliisukuma pembeni. Nina jiko la mkaa na la gesi la kichwa kimoja, oveni sina. Nimepanga hapa Chumbageni, Tanga, na uwani tunapika pamoja na majirani ambao ni Waislamu. Nipike nini cha kawaida cha nyumbani? Na je, mtu anaweza kutengeneza bekoni mwenyewe, maana naambiwa ni ghali?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kilichokuharibia ni mambo matatu yaliyokutana kwenye kikaango kimoja: chumvi juu ya chumvi, mafuta juu ya mafuta, na moto wa kitimoto. Kitimoto unakinunua kibichi hakina kitu, ladha unaitia wewe. Bekoni imeshatiwa. Ni nyama ya nguruwe ya tumboni au ya mgongoni iliyolazwa kwenye chumvi kwa siku kadhaa, mara nyingi pamoja na sukari kidogo na chumvi ya naitraiti, kisha nyingine hupigwa moshi. Naitraiti ndiyo inayoifanya ibaki na rangi ya waridi hata ikiiva, na ndiyo inayozuia botulinamu, bakteria wanaotoa sumu kali ndani ya chakula. Sukari, nayo, kama imo, inaungua upesi kwenye moto mkali, hata shahamu haijapata nafasi ya kuyeyuka. Weusi wako wa pembeni na kunata kwa katikati vilitoka hapo.

Igeuze hiyo pakiti iliyobaki usome nyuma. Nyingi zinaandika kati ya gramu 2 na 3 za chumvi kwa kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Ukimpakulia mtu gramu 100 iwe kitoweo cha ugali, umempa karibu nusu ya chumvi yake ya siku na bado hajagusa mboga. Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama hapa: usiifanye bekoni kitoweo, ifanye ya kuungia. Vipande vinne vikikatwakatwa vinatosha sufuria ya watu watano.

Na kwa mtu wa Tanga hili si geni. Papa mkavu na ng'onda tunawapikaje? Tunawaloweka, tunamwaga maji, hatutii chumvi mpaka tuonje, na hakuna anayejaza sahani papa kama anakula kuku. Kipande kidogo kinabeba mchuzi mzima wa nazi na wali unashuka. Bekoni ichukue hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba papa unamwongezea mafuta, bekoni inakuja na yake.

Sasa kuikaanga kwenyewe. Panga vipande kwenye kikaango kikiwa bado cha baridi, bila tone la mafuta, kisha ndipo ukiweke jikoni. Ukianza na kikaango cha moto, mnofu unakakamaa na kujikunja huku shahamu bado mbichi. Ukianza na cha baridi, shahamu inayeyuka polepole, na mnofu unaivia ndani ya mafuta yake wenyewe. Kwa jiko la mkaa ongeza hila moja: mimina maji kiasi cha kufunika sakafu ya kikaango tu. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100 mpaka yakauke, kwa hiyo mkaa ukikuzidi nguvu, yenyewe yanakukingia. Yakikauka, utakuta shahamu imeshatoa mafuta ya kutosha na vipande vinaanza kutoa sauti ya kukaangika. Hapo ndipo unapogeuza.

Mkaa nao usubiri. Usiweke kikaango wakati ndimi za moto bado zinaruka. Ngoja mpaka mkaa uvae majivu, uutandaze, na funga mlango wa jiko upunguze hewa. Gesi yako iweke ndogo kabisa. Kazi yote ni kama dakika 10, zaidi kidogo kama vipande ni vinene. Ukiona povu jeupe usishtuke. Bekoni nyingi za bei nafuu hudungwa maji ya chumvi ili ziongezeke uzito, na maji hayo yanapotoka hubeba protini ya nyama. Itoe wakati bado inapinda kidogo, iweke juu ya karatasi ya kufyonza mafuta; itakauka yenyewe ikipoa. Ukingoja ikauke jikoni, umechelewa.

Jambo moja la hatari kabla sijaendelea: mafuta haya yakidondoka kwenye mkaa yanawaka. Moto ukishika ndani ya kikaango usimwage maji, maana mafuta yataruka pamoja na moto. Funika kwa mfuniko, kiondoe jikoni ukiweza kufanya hivyo salama, uache kipoe.

Mafuta yaliyobaki ndiyo mali. Yaache yapoe kidogo, yachuje kwa chujio la chai kwenye chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, weka kwenye friji. Kwa joto la Tanga usitegemee yagande mezani. Kijiko kimoja cha mafuta hayo kinaunga mboga kwa harufu ambayo mafuta ya alizeti hayatakupa hata umwage chupa. Lakini usirudie kuyakaangia mara kwa mara mpaka yawe meusi, na usiyamwage kwenye karo mnalooshea vyombo na wenzako, yataziba bomba, na lawama zitajulikana ziende kwa nani.

Tuje kwenye vyakula. Ningeanza na maharage, kwa sababu ndipo bekoni inapoonyesha kazi yake. Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo (hasa yale mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka sana, haifi kwa moto mdogo), kisha punguza moto yaive mpaka yalainike kabisa. Chumvi usitie. Kwenye kikaango, kaanga vipande vinne vya bekoni ulivyovikata vidogo kwa namna niliyokueleza. Vikiiva vitoe, acha mafuta kama vijiko viwili vya chakula. Tia kitunguu maji, kikianza kuwa cha dhahabu tia kitunguu saumu, karoti iliyokwaruzwa, halafu nyanya mbili tatu. Nyanya zikivunjika na mafuta kuanza kujitenga juu, mimina maharage na supu yake. Ponda kidogo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Rudisha bekoni, acha yachemke taratibu dakika 15. Sasa onja. Mara nyingi hutahitaji chumvi kabisa, utahitaji ndimu.

Utaniuliza, na nazi? Mtu wa pwani lazima aulize. Tui zito pamoja na mafuta ya bekoni ni mzigo, vinashindana na mlaji anachoka kabla ya sahani kwisha. Kama roho haitulii bila nazi, tumia tui la pili, lile jepesi, upunguze mafuta ya bekoni mpaka kijiko kimoja. Mbaazi hasa zinapendeza hivyo. Lakini mbaazi za nazi za asubuhi, zile za kulia mahamri, tafadhali ziache zilivyo.

Viazi ndivyo watoto watavipenda. Vile vinavyoshuka kutoka Lushoto, unavipata soko la Mgandini pamoja na kabichi na karoti za huko huko. Vichemshe na maganda mpaka uma uingie kwa shida kidogo, yaani visiive kabisa, vipoe, menya, kata vipande. Kaanga bekoni, itoe, weka viazi kwenye mafuta hayo na usivichokonoe. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa na subira: kiazi kinataka kukaa upande mmoja mpaka kipate ukoko, ndipo ugeuze. Ukikichokonoa kila saa kinavunjika na kunywa mafuta. Mwishoni tia hoho na kitunguu, rudisha bekoni, pilipili manga, basi. Pembeni weka kachumbari yenye ndimu nyingi, au embe bichi iliyokatwa nyembamba na pilipili. Ukali wa ndimu na uchachu wa embe ndio unaokata mafuta mdomoni, na chakula cha bekoni kisicho na kitu kichachu pembeni mimi nakiona hakijaisha kupikwa.

Kutoka hapo chipsi mayai ni hatua fupi. Kaanga chipsi zako kama kawaida. Kwenye kikaango kingine acha kijiko kimoja cha mafuta ya bekoni, tandaza chipsi, nyunyiza bekoni iliyokatwakatwa, mimina mayai matatu yaliyopigwa bila chumvi, funika. Yakishikana geuza kwa msaada wa sahani.

Muhogo vilevile. Uchemshe, toa ule uzi wa katikati, upitishe kwenye mafuta ya bekoni mpaka ushike rangi, kamulia ndimu na pilipili. Kabichi ikatwe nyembamba, iingie kwenye kikaango cha moto chenye bekoni na kitunguu, dakika tano, itoke ikiwa bado inalia mdomoni. Wali uliolala ukaange na bekoni, karoti na yai, mradi uliuweka kwenye friji mapema jana yake. Wali uliolala mezani kwenye joto letu una bakteria ambao sumu yao haifi kwa kukaangwa tena.

Tambi nazo. Najua Tanga ukisema tambi mtu anafikiria za sukari, nazi na iliki, na wala sitaki kuzigusa. Nazungumzia spageti. Huko Roma wana pishi lao linaloitwa karbonara, na asili yake hutumia nyama ya shavu la nguruwe iliyotiwa chumvi, si bekoni. Lakini bekoni inafanya kazi nyumbani. Pishi lenyewe halina krimu, ingawa hoteli nyingi hutia. Chemsha spageti kwenye maji ambayo umeyatia chumvi kidogo sana. Piga mayai mawili na viini viwili vya ziada pamoja na jibini ngumu iliyokwaruzwa na pilipili manga nyingi. Kaanga bekoni. Chota kikombe cha maji ya spageti uweke pembeni, chuja spageti, changanya na bekoni, kisha ondoa kikaango jikoni kabisa. Mimina mayai nje ya moto, koroga haraka, ongeza maji yale kidogo kidogo mpaka mchuzi uwe laini na ung'ae. Ukilirudisha jikoni utapata mayai ya kuvuruga na spageti, ambayo watoto wataila, lakini si karbonara. Mayai hapa hayaivi kabisa, kwa hiyo mjamzito na mtoto mdogo wapikie kingine.

Sasa la majirani, na hili nalitilia uzito kuliko mapishi. Tanga ni mji wa watu waliozoeana, Muislamu na Mkristo mlango kwa mlango, na mazoea hayo yanalindwa na vitu vidogo. Kuwa na kikaango chako cha bekoni, mwiko wake, kibao chake na kisu chake, uvitunze ndani, si kwenye kichanja cha wote. Kikaango cha kuazima usipikie, hata kama mwenyewe hayupo na hata kama utakiosha mara saba. Harufu ya bekoni inasafiri, hivyo ukiweza pikia gesi ndani, dirisha likiwa wazi, kuliko uwani wakati wenzako wanaandaa chakula chao. Mwezi wa Ramadhani mchana, iache kabisa. Mtoto wa jirani akija wakati mnakula, mwambie mama yake waziwazi kilichomo, usimwachie mtoto aamue. Na ukipeleka sahani kwa jirani, ipike siku nyingine kwa vyombo vingine.

Kuna bekoni za ng'ombe na za bata mzinga. Zikiwa na muhuri wa halali unaweza kupika mkala wote, ila vyombo viwe tofauti na vile vya nguruwe. Hazina shahamu nyingi, kwa hiyo mwanzo zitie kijiko kimoja cha mafuta, na muda wake ni mfupi, zinakauka haraka zikawa kama ngozi. Zikikosekana, rudi kwa papa mkavu. Kwenye yale maharage na ile kabichi, papa aliyelowekwa, akachambuliwa na kukaangwa na kitunguu anashika nafasi hiyo vizuri sana, na kusema kweli kwenye mbaazi namwona anaishinda bekoni.

Usiile kila siku. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ulaji wa gramu 50 kila siku unaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18. Hilo ni kwa mlaji wa kila siku, na ongezeko lenyewe linahesabiwa juu ya uwezekano ambao mtu anao tayari, halina maana kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Vipande vinne kwa familia, mara moja moja, ndicho kipimo ninachokitumia. Kama nyumbani kuna mwenye presha, mpakulie maharage kabla hujarudisha bekoni.

Pakiti ikishafunguliwa, imalize ndani ya siku saba ikiwa kwenye friji. Umeme ukikatika muda mrefu friji ikapoteza ubaridi, usijiaminishe kwa sababu ina chumvi. Bekoni ya siku hizi ina chumvi ya ladha, si ile ya kuitunza juani. Ni bora uigawe leo kwenye vifurushi vya vipande vinne vinne, ukigandishe kila kimoja peke yake. Ndani ya mwezi mmoja bado itakuwa na ladha nzuri.

Na kutengeneza mwenyewe? Inawezekana, kwa sharti la friji inayofanya kazi. Nunua nyama ya tumboni yenye matabaka ya shahamu na mnofu (si utumbo), kilo moja, iliyopigwa muhuri wa mkaguzi wa nyama. Sisitiza muhuri, maana nguruwe anaweza kubeba mnyoo aitwaye tegu. Ukikata nyama ukaona vifuko vyeupe vidogo, ukubwa wa punje za mchele, irudishe. Mtu akila nyama hiyo haijaiva anapata mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo huo yakimwingia mtu kupitia uchafu yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wameushughulikia ugonjwa huu kwa muda mrefu. Kulaza nyama kwenye chumvi kusikupe imani. Kinachokulinda ni ukaguzi na kuiivisha.

Kwa kilo hiyo pima gramu 25 za chumvi, karibu kijiko cha chakula kimoja na nusu kisichojaa sana, na gramu 10 za sukari, pamoja na pilipili manga. Paka pande zote, weka kwenye mfuko safi, toa hewa, laza kwenye friji siku saba ukiigeuza kila siku. Siku ya nane isuuze, ikaushe kwa kitambaa safi, iache kwenye friji usiku mmoja bila kufunika ili ngozi yake ikauke. Iweke friza nusu saa kabla ya kukata, la sivyo kisu kitateleza na vipande vitakuwa vinene upande mmoja. Ukiikaanga itakuwa ya kahawia, si ya waridi, kwa kuwa haina naitraiti. Hiyo naitraiti usiitafute kwa mtaani ukaipima kwa jicho, kosa dogo la kipimo ni sumu. Na usijaribu kuipiga moshi wa uvuguvugu nyumbani bila hiyo, kwa sababu joto dogo lisilo na hewa ndilo botulinamu anapopapenda. Utakayoipata itakosa harufu ya moshi, ila kwenye maharage ukitia nyanya uliyoichoma kwanza kwenye mkaa mpaka ganda liwe jeusi, ukaimenya, pengo hilo halitaonekana sana.